Taa Iliyoukataa Ukoo Wetu

Nimechoka na bidhaa zinazouzwa na watu wasiozijua. Muuzaji wa siku hizi ana simu, ana kucha ndefu, ana video aliyoichukua kwa muuzaji mwenzake, na ana sentensi moja tu: "Bei njoo inbox." Ukienda huko ulikoitwa, anakujibu kwamba uwahi, zimebaki mbili. Mwaka mzima zinabaki mbili.

Msimu huu vilivyobaki viwili ni vimashine vya mwanga vya kuondolea nywele mwilini. Video yake mmeiona. Dada wa Kizungu amekaa kwenye ukingo wa bafu, taulo jeupe, anajipitishia kimashine kwenye mguu ambao hauna unywele hata mmoja. Mwanga unapiga pwa! Dada anatabasamu. Sasa mimi nauliza: anaondoa nini? Kama nywele ziliondoka kabla kamera haijawashwa, basi aliyeziondoa ndiye nimtafute nimpe hela yangu.

Binti wa kaka yangu, ambaye ni mwari wetu wa baada ya mfungo, hakuuliza swali hilo. Alituma laki mbili na nusu, bodaboda akaleta boksi, na boksi likafikishwa kwangu, kwa sababu katika ukoo huu mimi ndiye msomaji wa vijitabu. Wenzangu wote wanaamini kijitabu ni cha kuwekea kikombe.

"Shangazi, shikamoo. Nisomee basi, maandishi yenyewe madogo."

"Marahaba. Ungesomewa kabla ya kulipa, mwanangu."

Kijitabu kina lugha kama mkutano wa Umoja wa Mataifa: Kipolandi, Kituruki, Kikorea. Kiswahili hakuna. Hilo peke yake lingetosha kumjulisha mtu kwamba shughuli hii hakualikwa. Lakini Kiingereza kilikuwepo, nikavaa miwani.

Mashine zenyewe huitwa kwa herufi tatu, IPL. Ndani yake mna taa ya gesi ya zenoni, ukoo mmoja na flashi ya mpiga picha wa harusi, ile inayomnasa mama mkwe akiwa na pilau mdomoni. Inatoa mwanga mkali kwa kipande kidogo sana cha sekunde, mawimbi yake yakiwa baina ya nanometa 500 na 1200 hivi. Mwanga huo unaifuata melanini, yaani rangi iliyomo kwenye unywele. Rangi inaumeza mwanga, mwanga unageuka joto, joto linashuka mpaka shinani na kulitia shina kilema lisioteshe tena, au lioteshe kwa uvivu. Wazo hilo liliandikwa mwaka 1983 katika jarida la Science na watafiti wawili wa Boston, Rox Anderson na John Parrish: chagua mwanga unaomezwa na kitu kimoja, kiunguze hicho, jirani yake asalimike.

Jirani asalimike! Hapo ndipo penye kesi. Jirani wa unywele ni ngozi, na ngozi ya ukoo wetu ina melanini ya kuuza na kubakisha. Kuupeleka mwanga huu kwenye mguu wa mwari wetu ukautafute unywele mweusi ni sawa na kumtuma askari Uwanja wa Mkapa siku ya mechi, upande wa Yanga, akamkamate mtu aliyevaa njano na kijani. Atakamata wengi sana.

Lakini hatujafika huko. Kwanza kuna masharti.

Sharti la kwanza: nyoa.

"Shangazi, umesoma vizuri?"

Nimesoma vizuri. Mashine ya kuondoa nywele inataka uje kwake huna nywele. Sababu ipo, kwa kuwa unywele ukibaki juu ya ngozi, mwanga utaungulia hukohuko juu na kukuachia harufu ya kichwa cha mbuzi, badala ya kushuka shinani. Nimeelewa. Ila mtu akishanyoa kwa wembe wa kwa Mangi, kazi si imekwisha? Kilichobaki ni kuilisha LUKU.

Sharti la pili: usinyonyoe wala usitumie nta, maana shina likitoka mwanga hautakuta mtu nyumbani. Sharti la tatu: epuka jua kabla na baada. Kijitabu hiki kiliandikiwa watu wanaolipa nauli ya ndege kulifuata jua. Sisi jua linatufuata lenyewe mpaka kituo cha daladala, na hatulipi. Sharti la nne: usipige juu ya alama za kuzaliwa, tatuu, wala pahali popote palipopakwa rangi nzito. Mwari atachorwa hina na piko kuanzia vidole vya miguu mpaka magotini. Kwa hiyo achague, maua au taa.

Na sharti la tano ni subira. Nywele hazioti zote kwa pamoja. Nyingine zinakua, nyingine zinanyauka, nyingine ziko likizo, na mwanga unazipata zile zinazokua tu, ambazo bado zimeshikana na shina lao. Zilizo likizo zitarudi kazini baadaye, nawe urudi na taa yako. Ndiyo maana unaambiwa urudie kila wiki au kila wiki mbili, kutegemea mashine, kwa muda wa miezi mitatu hivi, kisha uendelee kugusiagusia. Na hata hapo hakuna aliyeahidi kwamba zitakwisha. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, ambayo iliidhinisha leza ya kwanza ya nywele mwaka 1995, huruhusu watengenezaji waseme nywele zinapungua kwa kudumu. Kupungua, si kuisha. Wapo hata watu ambao mwanga huu uliwaongezea nywele, hasa usoni na shingoni, pale joto linapokuwa la kuamsha badala ya kuua. Muuzaji hilo hakulitia kwenye video.

Bibi somo wa mwari, aliyekuwa amekaa pembeni akichambua karafuu za singo, alisikiliza masharti yote matano bila kuinua uso. Kisha akasema, "Dini imetupa siku arobaini za kujisafisha nywele, tusizipite. Hiyo taa yenu inaomba miezi mitatu. Mnamtii nani?"

Basi, pamoja na hayo, mwari alinyoa, tukachomeka.

Mashine hizi zina jicho dogo la kupimia rangi ya ngozi kabla ya kupiga. Likiridhika, taa ya kijani inawaka na mwanga unatoka. Lisiporidhika, taa nyekundu, na hata ubonyeze mpaka kidole kife ganzi, hutapata kitu. Tukaliweka kwenye muundi wa mwari: nyekundu. Kwenye paja: nyekundu. Kwapani, nisiseme. Wifi yangu akasema huyo mtoto ni mweusi kwa upande wa baba, apimwe yeye: nyekundu. Akaja jirani, ambaye kwa miaka yote tunayomfahamu amekuwa akijitambulisha kama mweupe: nyekundu. Jirani akaomba apimwe tena, tukampima tena, akaondoka bila kuaga.

Mpaka mtoto mdogo wa wifi, ambaye hakuna aliyemwomba maoni, alipochukua kimashine akakibandika kwenye kiganja chake. Kijani. Pwa! Nyumba nzima ikapiga kelele. Tukajaribu viganja vyote, kisha nyayo. Kijani, kijani. Hivyo basi, mashine hii imekubali kutuondolea nywele za viganjani na za nyayoni. Tunashukuru. Zilikuwa zinatusumbua.

Nilirudi kwenye kijitabu. Ukurasa wa mwanzo kabisa, kabla hata ya masharti, kuna chati ya miraba sita ya rangi, kutoka ya maziwa mpaka ya kahawa. Kipimo hicho ni cha daktari wa ngozi wa Harvard, Thomas Fitzpatrick, wa mwaka 1975. Alikuwa anataka kujua awape wagonjwa kiasi gani cha mwanga wa tiba bila kuwaunguza, akawauliza watu swali jepesi: ukikaa juani unaungua au unapata rangi? Swali la Wazungu hilo, na madaraja yakawa manne. Watu wa rangi ya kahawia na weusi tuliongezwa baadaye, daraja la tano na la sita, kama viti vya plastiki vinavyoletwa wageni wakizidi. Maji ya kunde wa Kariakoo, mweusi wa kawaida, mweusi tii, wote hao tumebanwa kwenye miraba miwili ya mwisho, wakati weupe wa Ulaya wamegawana minne kwa nafasi. Na juu ya mraba wa sita mashine nyingi za nyumbani zimechora alama ya mkasi. Nyingine zimechora hata kwenye wa tano.

Kwa ufupi, tumelipa laki mbili na nusu kuambiwa na taa kwamba sisi ni weusi. Habari hizo bibi yangu alinipa bure.

Mwari akampigia muuzaji, simu ikawekwa sauti kubwa.

"Kipenzi, umeichomeka?"

"Imechomekwa."

"Basi jaribu usiku, kipenzi."

Jamani! Usiku sisi tunakuwa nani? Tulipodai hela, tukaambiwa hela hairudi ila tunaweza kubadilisha na pasi ya nywele. Kisha sauti ikashuka, ikawa ya siri: ipo nyingine, ya bei ndogo zaidi, hiyo haichagui ngozi, haina huo usumbufu wa kupima.

Hapo niliinyakua simu. Mashine isiyochagua haijamhurumia mtu. Jicho lile jekundu lililotutia aibu mbele ya jirani ndilo lililotuokoa, maana mwanga ule ukipigwa kwenye ngozi yetu unamezwa na ngozi kabla haujaufikia unywele. Matokeo yake ni malengelenge, kisha madoa, meusi au meupe, yanayoweza kukaa miezi. Bibi harusi akaingia ukumbini na miraba mguuni mithili ya kitambaa cha drafti! Katika biashara yote hii, kuanzia kiwanda, video, muuzaji mpaka bodaboda, aliyetuambia ukweli ni taa nyekundu peke yake, nayo haina mdomo.

Mnadhani yameisha? Shoga mmoja wa wifi, mtu wa saluni, akaja na ufumbuzi: mwari ajipake mkorogo wiki chache, ngozi ikifunguka mashine itamkubali. Nilimwomba arudie, nikidhani nimesikia vibaya. Yaani mtoto wa watu ajichubue ili taa impende! Mikorogo mingi ina steroidi zinazoipunguza ngozi unene, na mingine ina zebaki. Ngozi iliyokwisha kuliwa hivyo ndiyo uipige mwanga wa moto? Halafu mkorogo wenyewe hauna nidhamu. Unatoka uso Fanta, miguu Coca-Cola, na nywele tunazozisema ziko miguuni.

Mwenye haja ya kweli, na mwenye hela ya kweli, njia ipo. Ziko leza za kliniki zinazoitwa Nd:YAG, za nanometa 1064, ambazo melanini ya juu ya ngozi haizimezi sana, kwa hiyo zinapita na kushuka mpaka shinani. Ndizo zinazopendekezwa kwa weusi, zikiwa mikononi mwa mtu aliyesomea. Kabla hujavua viatu, muulize ni leza gani na amewahudumia wangapi wa rangi yako. Akikuita kipenzi, ondoka.

Mwari wetu amerudi kwa somo wake: sukari, ndimu na sufuria. Wala sitawadanganya kwamba mambo ya kale yana utamu wote. Sukari ile ni tamu mdomoni tu. Ikishapoa ikabandikwa na kuvutwa kinyume, hata mtu mwenye haya hutaja majina ya watu. Lakini somo hapimi rangi. Anakukunja, anakuvuta, anakuimbia, anakukumbusha kumheshimu mumeo na kuficha akiba yako, yote kwa mkono mmoja.

Ikabaki mashine. Kaka yangu, baba wa bibi harusi, akasema tumpe yeye. Miaka yote anasumbuliwa na vipele vya ndevu, maana nywele zetu za kujikunja ukizinyoa karibu hugeuka zikaingia tena ngozini. Alikaa mbele ya kioo kwa heshima zote, akaiweka shavuni. Nyekundu. Akaiweka kidevuni, nikamwambia asijisumbue: hata ingewaka, ndevu zake zimekwisha kuwa nyeupe, hazina melanini, mwanga ungezipita bila kuzisalimia. Ni mtu wa kwanza katika ukoo kukataliwa kwa kuwa mweusi na kwa kuwa mweupe kwa wakati mmoja.

Sasa anadai nimwandikie barua ya malalamiko kiwandani, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa vijitabu. Nimekipekua mpaka ukurasa wa mwisho. Hakuna kosa. Mashine ni nzima, inafanya ilichoumbiwa, na ina waranti ya miaka miwili. Kwa jinsi inavyotumika hapa nyumbani, haitaharibika kamwe.