Sifa za Muungwana Asiye na Haraka

Wako watu wepesi wa kulaumu, ambao wakimwona muungwana amekaa miaka akichagua deki ya kuhamishia kanda za harusi ya dada yake kwenye kompyuta, humwita mvivu. Wala hawafahamu kwamba kadhi mwenye hekima hakati hukumu kabla ya kuwasikiliza mashahidi wote, japo mashahidi wenyewe wanakufa mmoja mmoja. Yeye kwanza alihakiki kama deki iwe ya VHS ya kawaida au ya S-VHS, ambayo hutoa mwangaza na rangi kila kimoja peke yake. Kisha akatafuta chombo cha kuituliza mistari 625 ya PAL isiyumbe, akakipata kwa bei inayokaribia mahari, akakiona hakipatani na kadi ya kunasia picha, akakiuza, akaanza upya kwa utulivu wa mwanazuoni anayerejea alifu.

Haraka ya nini? Funai ya Japani, kiwanda cha mwisho kilichounda deki hizo, kiliacha kuziunda Julai 2016, na kwa hiyo kadiri anavyotaamali ndivyo deki nzima zinavyoadimika, na uadimu, kama tujuavyo, ndio fahari ya lulu. Kanda nazo, zimo sandukuni katika joto na unyevu wa pwani, zimekwisha kuvaa ukungu mweupe unaolingana barabara na shela ya bibi harusi. Bibi harusi huyo sasa ana wajukuu, na kila Idi humwulizia kaka yake kwa adabu sauti ya marehemu mama yao iliyomo kandani, akajibiwa kwa taadhima kwamba waya wenye ncha za dhahabu umo njiani, waja kutoka Dubai.