Barua ya Wazi kwa Hazina za Nchi Wafadhili

YAH: OMBI LA MISHAHARA YA WAHESHIMIWA KUWEKEWA MASHARTI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Kwa heshima na taadhima, Waheshimiwa wanaosimamia hazina na idara za misaada za nchi wafadhili wanapongezwa kwa ukarimu wao kwa Shirika la Kazi Duniani, ukarimu uliopangwa kwa ustadi kiasi kwamba mpokeaji hawezi kuutumia. Ada za uanachama, yaani michango ambayo kila nchi hupangiwa kwa kadiri ya uwezo wake, huingia katika bajeti ya kawaida ya miaka miwili miwili na ni deni la lazima. Nchi ambayo malimbikizo yake yamefikia ada ya miaka miwili hupoteza haki ya kupiga kura kwa mujibu wa ibara ya 13 ya katiba ya shirika, tishio ambalo, inavyoonekana, halimkoseshi usingizi mdaiwa mkubwa. Juu ya ada hizo hukaa michango ya hiari, ambayo sehemu yake kubwa hufika ikiwa tayari imefungwa: ni ya nchi fulani, kwa zao fulani, kwa miezi kadhaa, na isiguswe kwa jambo jingine.

Katika bajeti ya 2008–2009 ilianzishwa akaunti ya nyongeza ya bajeti ya kawaida, ambamo mfadhili huweka fedha bila kuzifunga, ili shirika lizipeleke penye upungufu. Wachangiaji wake wamekuwa wachache, wengi wao wa Ulaya, kama Ubelgiji, Denmark na Sweden. Waliobaki wanaisifu kwa mbali.

Matokeo huonekana vizuri zaidi wilayani kuliko Geneva, kwenye makao makuu ya shirika. Afisa kazi, yaani mtumishi wa serikali mwenye mamlaka ya kukagua sehemu za kazi, akijaziwa mafuta ya gari na mradi wa watoto wa mashamba ya tumbaku, hulazimika kuyapita machimbo ya kokoto yaliyo kando ya barabara hiyo hiyo, ambako watoto wa rika lile lile wanagonga mawe, kwa sababu mawe hayakutajwa katika mkataba wa ufadhili. Mradi ukifungwa, hubaki fulana, bango lenye nembo, na ripoti inayosifu uendelevu. Machi 2025 Wizara ya Kazi ya Marekani ilifuta kwa mkupuo ruzuku zake za kimataifa za kupambana na utumikishwaji wa watoto na kazi za shuruti, na miradi iliyokuwa katikati ikakatikia hapo hapo. Ubabe wa namna hiyo, hata ukitolewa risiti, unabaki ubabe. Waheshimiwa wawie radhi, adabu inarejea.

Ombi kuu linatokana na Mkataba Namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1949 kuhusu ulinzi wa mishahara, ambao ibara yake ya 6 inamkataza mwajiri kuingilia kwa namna yoyote uhuru wa mfanyakazi wa kutumia mshahara wake. Kwa kuwa shirika lililotunga kanuni hiyo limeonekana halistahili uhuru wa aina hiyo, inapendekezwa kwamba Waheshimiwa nao waondolewe ulinzi huo. Mshahara wa kila mmoja ulipwe kwa mafungu: fungu la kwanza liwe la kiatu, cha kushoto tu, kwa kuwa mlipakodi aliyelitoa ana uhusiano wa kihistoria na upande huo, fungu la pili liwe la chakula cha mchana, na njaa ikitokea usiku iandikiwe andiko la mradi lenye malengo, viashiria na tathmini ya kati. Kola ya shati ibebe nembo ya mlipakodi, isiyopungua ukubwa wa uso wa mvaaji. Kodi ya nyumba isilipwe kabisa, maana ni gharama ya uendeshaji, na gharama za uendeshaji hazipendezi kwenye picha. Kila miezi sita waje washauri elekezi kupima kama kiatu kimeleta mabadiliko ya kudumu mguuni, na mwaka wa pili ukiisha kiatu kikabidhiwe kwa jamii, ambayo itaandaliwa warsha ya siku tatu ya kukimiliki. Akitokea Mheshimiwa wa kulalamika kwamba anachechemea, aelezwe kwamba mguu wa kulia haumo katika vipaumbele vya kipindi hiki.

Maombi mengine ni madogo. Wenye madeni ya ada walipe. Nembo kwenye magari ya miradi zipunguzwe mpaka dereva aione barabara. Majibu yaandikwe kwa lugha yoyote ambayo Waheshimiwa wataipenda, ila yawe mafupi, kwa kuwa fedha za tafsiri zimetengewa zao jingine.