Wiki ya Kiki, Matemwe

Jumatatu. Kusi limevuma usiku kucha na Honda CG125 imeamka na chumvi toka taa hadi ekzozi. Nimefungua koki, nimevuta choki, nimepiga kiki. Kimya. Ndani ya kofia ya plagi shaba imeota kutu ya kijani. Nimeikwangua kwa ncha ya kisu, ikawaka. Mama hakungoja, alishapanda daladala ya 118 kwenda mjini.

Jumanne. Stendi imezama mchangani usiku, pikipiki imelala ubavu na injini imekunywa petroli. Ikiwa hivyo, koki hufungwa, choki hurudishwa, resi hufunguliwa yote, kisha hupigwa kiki mpaka hewa iyafukuze yale mafuta. Ilipokubali, ilitoa moshi mzito ukatanda kwenye kamba ya nguo za jirani. Nimekwenda kumtaka radhi. "Hamna neno, mwanangu, nitazifua tena." Nimemtekea maji ya kufulia.

Jumatano. Kijana wa jirani alitaka kujaribu. Alipiga kwa pupa, nusu teke, na kiki ikamrudi kwenye ugoko. Ameumia, na imenisikitisha. Silinda ni moja: teke likisita pistoni haijafika juu, cheche huwasha mafuta mapema, pistoni hurudi ilikotoka na kuusukuma mguu.

"Ami, kwani inataka nguvu kiasi gani?"

Nimemkalisha tukaanza upya, kwa mkono, injini imezimwa. Kiki hushushwa polepole mpaka iwe nzito. Hapo pistoni inabana hewa. Hupitishwa kidogo tu mbele ya ule uzito, kisha huachwa ipande juu. Ndipo mtu husimama akaushusha mwili wote, mpaka chini kabisa, bila kugusa resi, goti likiwa limelegea. Amerudia kuutafuta ule uzito mpaka akaujua kwa wayo. Nilitaka ajue hilo kuliko kitu chochote, maana mashine hii haikuundwa kutesa watu. Honda waliitoa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubeba mizigo na fundi yuko mbali: valvu zinasukumwa kwa fimbo, mnyororo umefunikwa vumbi lisiingie. Injini nyingi za pikipiki za Kichina zilizojaa barabarani leo zimefuata umbo lake. Naipenda, na nasema hivyo bila haya.

Alhamisi. Bamvu, kina mama wameshuka kwenye mwani mapema. Shangazi aliniomba nimpandishie magunia. Raba ya kiki imelika, wayo wangu ulikuwa na maji ya bahari, ukateleza. Gunia la juu likaanguka, mwani ukaingia mchanga. Tumeuosha upya, mimi na yeye, jua likiwa kali.

Ijumaa. Baada ya sala imegoma kabisa. Nimeisukuma hadi kwa fundi. Platini zimeungua, amezisugua na kupima mwanya, cheche ikatoka nyekundu, dhaifu. Plagi nayo imekwisha. Ameniandikia kwenye karatasi: NGK D8EA, mwanya milimita 0.6 hadi 0.7. Kwake hazipo. Kesho ni gari ya alfajiri, kwenda kuitafuta Darajani, mjini. Kijana ameomba twende sote; ugoko bado umevimba, lakini anataka aishike ile plagi mpya kabla haijafungwa.