Sifa za Yatima wa Saa Nane

Mfanyakazi bora wa ofisi yetu hayupo, na alipokuwepo hakuwa bora. Iliyobaki ni kazi yake: mstari mmoja ndani ya seva, tarakimu mbili na nyota tatu, unaoiamuru programu ya cron kwamba kila siku, dakika ya 0, saa ya 2, ripoti ya bohari iende kwa mkurugenzi. Hiyo 2 ni ya kompyuta. Kwetu ni saa nane usiku, wakati hata mlinzi amejifunika kitenge.

Mstari huu hauli posho. Hauombi ruhusa ya msibani. Haumo kwenye kundi la WhatsApp la idara. Hayo tuyaache, maana uaminifu wake ndio wa kupigiwa vigelegele.

Mhasibu aliyeuandika aliacha kazi, akaandaliwa pilau, akapewa saa ya ukutani, akaenda zake. Nilipokuja kuifuta akaunti yake, jina likatoka, nywila ikatoka, mafaili yake yakatoka. Mstari ukabaki, kwa kuwa cron huweka ratiba zake pembeni, katika faili lililopewa jina la mtumiaji, na anayefuta akaunti asipokumbuka kufika huko, basi. Hata paka angeshahamia kwa jirani. Mstari ukangoja. Cron ikauandikisha kwenye logi kuwa ni yatima, ikawa inauruka, nao haukununa.

Miezi ikapita, akaajiriwa kijana. Kwetu jina la kuingilia ni herufi ya kwanza ya jina lako ikifuatwa na ukoo, na ukoo ule una watu. Akapata jina lilelile. Kompyuta nayo ikatafuta namba ya mtumiaji iliyo wazi, kuanzia 1000 kwenda juu, ikamkabidhi ileile aliyoiacha bwana wa pilau. Jina limerudi, namba imerudi, yatima kapata baba! Usiku uleule, saa nane juu ya alama, ripoti ikatumwa.

Siku ya tatu kijana akaitwa kwa mkurugenzi. Nilijua anakwenda kufukuzwa. Kumbe alipongezwa mbele yetu sote: kijana wa mfano huyu, saa nane usiku yuko kazini, ninyi mnakoroma. Kijana, ambaye ana akili kuliko umri wake, akajibu, "Ahsante, mzee. Nitaongeza bidii."

Hapo sifa zikanikwama kooni. Bohari yenyewe tulishaifunga. Ripoti ile ilikuwa sifuri juu hadi chini. Mkurugenzi alisoma saa ya kutumwa, faili hakulifungua.

Yangu nayakiri. Linux ina faili liitwalo /etc/login.defs, na ndani yake mna kipengele cha USERDEL_CMD, mahali pa kutaja skripti ya kufagia kazi za cron, za programu ya at na zile zinazosubiri printa, kila mtumiaji anapofutwa. Huja kimelazwa kwa alama ya reli, nami sikukiamsha. Lakini nifagie chumba cha nani, kama sijaambiwa nani kahama? Barua ya idara ya utumishi ilinifikia miezi 5 baada ya pilau, na hiyo pilau yenyewe niliijua kwa harufu. Miezi 5 mtu wa nje ana ufunguo wa hesabu zetu! Nilipouliza, nikajibiwa, "Utaratibu unaendelea." Unaendelea wapi? Mwandazi wa pilau alipata taarifa wiki nzima kabla.

Mwaka 2016 Serikali ya Tanzania iliwasaka watumishi hewa ikawapata zaidi ya 10,000, yaani mishahara isiyo na watu. Sisi tumevumbua kinyume chake, kazi isiyo na mtu wala mshahara. Na angalau cron, programu tu, alipofutwa mwenye kazi iliandika kwenye logi kwamba kazi hii haina mwenyewe. Utumishi wana makabati manne na makarani watatu.

Mstari nimeshauondoa kwa crontab -r, sekunde moja. Cheti cha pongezi cha kijana kimetundikwa mapokezi. Tangu wiki ile ripoti haijatumwa, na hakuna aliyeiulizia.