Sifa za Nati Iliyolegea

Hapa Kashai, mjini Bukoba, karibu kila kitu kimeshasifiwa. Senene wamesifiwa mpaka wameingia kwenye vifungashio, ndizi zina nyimbo zake, na kahawa ya kutafuna mgeni huwekewa kabla hajaulizwa ukoo. Kilichosahauliwa ni nati iliyolegea kwenye mashine ya boti. Wanaoitaja hutanguliza tusi. Nimeona nilipe deni hilo mimi, waitu, kabla haijadondoka.

Tuanze na nasaba yake. Mitumbwi ya Sesse iliyotamba katika ziwa letu hili la Victoria zamani ilishonwa kwa nyuzi za mimea. Watu walivua, wakafanya biashara, wakapigana vita vya majini, bila nati hata moja, wala hawakujua wanakosa nini. Ikabidi dunia imngoje Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei aliyelelewa Marekani, ambaye mnamo 1909 alianza kuuza mashine za kuning'iniza nyuma ya boti. Hapo ndipo nati ikapata mahali pa kutikisika kwa heshima.

Maana kulegea si uvivu. Mashine ya nguvu za farasi 40, ukiivuta mafuta yote, huzunguka mara 5,000 hivi kwa dakika. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani, Gerhard Junker, alionyesha kwamba kinachoifungua nati hasa ni mtikisiko wa ubavuni: vyuma vilivyobanwa vikiteleza huku na huku, hata kwa kiasi ambacho jicho halioni, msuguano kwenye meno ya bolti unatoweka kwa kitambo, na nati inaanza kurudi ilikotoka. Wajerumani waliweka kituo chao Bukoba mwaka 1890. Tulingoja miaka 79 watuletee habari ya manufaa.

Na ni nani mwaloni Nyamukazi mwenye uaminifu kama wake? Muuza petroli atakuapia kwa mama yake, na lita zitapungua. Nati hutoa taarifa mapema. Vumbi la kutu hujitokeza kuzunguka mguu wake, rangi hupasuka pembeni, kifuniko huanza kulalamika, na mkono wa kuendeshea hukutetemesha mpaka begani. Fundi anayejua kazi haanzi na spana. Huikumbatia mashine, akaitikisa, akasikiliza. Kisha huzijaribu zile skrubu mbili zinazoibana kwenye ubao wa nyuma, kwa sababu ubao ukilowa huvimba, ukikauka husinyaa, na skrubu iliyokazwa vizuri juzi leo inazunguka kwa vidole viwili. Ndipo anashuka kwenye propela, kuangalia kama spiti pini bado ipo au mtu ameweka msumari. Mafundi wengine huchora mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Mstari ukikatika, nati imetembea. Ugomvi uliozuka majumbani kwa sababu ya chupa hizo una makala yake.

Sijagusa mchango wake katika dini. Wahaya wa zamani hawakuingia ziwani bila kumkumbuka Mugasha, mwenye maji. Siku hizi abiria wa kisiwa cha Bumbire anapanda boti macho kwenye simu, hamkumbuki yeyote. Basi mashine ikohoe katikati ya maji, iiname upande kidogo: Mkatoliki, Mlutheri na Mwislamu wanasali pamoja, kwa sauti, na kwa kuelewana ambako sijakuona nchi kavu. Tajiri mwenye boti tatu, ambaye jana alimwita kijana wa mashine "wewe", anampigia simu leo na kumwita "mdogo wangu".

Tena inalisha watu. Mwezi uking'aa, dagaa hawazifuati taa, boti hulala mwaloni na mifuko hukauka. Mbalamwezi ndiyo sikukuu ya nati. Fundi anafunguliwa mlango, muuza spea anauza, na kijana mwenye spana moja ya kukopa anakuwa fundi msaidizi. Mashine ya kilo 70 hivi ikichomoka yote ikazama, hata wapiga mbizi wanapata siku yao. Ndiyo maana matajiri wachoyo huifunga kwa mnyororo.

Maadui haikosi. Ipo springi washa, ipo nati yenye pete ya nailoni ndani, ipo gundi ya kupaka kwenye meno. Hao ni maadui wa kistaarabu. Adui mbaya ni yule barobaro anayekaza mpaka mishipa ya shingo isimame, akidhani anamkomoa mtu. Bloku ya mashine ni aluminiamu. Meno yake hukatika, bolti ikabaki kuzunguka bila kushika kitu, na kuanzia hapo hakuna tena habari ya kukaza wala kulegea, kuna habari ya waya.

Kwa hiyo ukimkuta fundi anafunga nati ya pili juu ya ya kwanza, ati imlinde mwenzake, usimbishie. Mlipe ujira wake. Giza litaingia, dagaa watavuliwa, mbalamwezi itarudi, nawe utamkuta amechuchumaa palepale akizikaza zote mbili, kwa bei ya mbili.