Tabaka la Nne

Wanaomsema makanga wetu wana wivu tu. Barakoa yake ya kitenge aliinunua Aprili 2020, enzi za korona, Kenya ilipotangaza faini ya hadi shilingi 20,000 kwa asiyevaa, na hadi leo haijaonja sabuni. Ionje ya nini? Kikaango cha chapati nacho hakisuguliwi, na chapati ni tamu. Shirika la Afya Duniani lilitaka barakoa ya matabaka matatu, ifuliwe kila siku, ikiwezekana kwa maji ya nyuzi 60. Maskini, hawajaliona tabaka la nne: jasho, mafuta ya mandazi na vumbi la barabara ya Thika. Kidevuni barakoa yasimama yenyewe kama kofia iliyotiwa wanga. Faini ilipokuwepo, polisi akitokea, ilipanda puani. Akipita, ilishuka kupumzika. Jana makanga alimwazima dereva. Ukarimu ulioje!