Msumari Nao Upakwe Sifa

Jahazi likipandishwa pwani hupakwa sifa, mafuta yale ya papa yanayonuka mpaka mtaa wa tatu. Mbao hupakwa zikang'aa. Msumari uliozishika mbao hizo zisiachane huko baharini haujapata sifa ya namna yoyote, ya mafuta wala ya maneno. Mimi ni seremala wa mbao kuukuu, na umeshanilia patasi mbili. Nani basi anastahili kuanza kuusifu kama si mimi?

Tazama unyenyekevu wake. Kichwa kilishaliwa na kutu, juu pamezibwa kwa rangi tabaka tatu, nao umelala ndani kimya, unamngoja fundi mwenye haraka. Asiye na haraka hauna ugomvi naye. Huyo hupiga brashi ya waya, akaona doa jeusi lenye buluu kwa mbali, pale chuma kilipokutana na ukali wa mti na unyevu, akajua mwenye nyumba yumo. Atachimba kidogo, ataung'oa kwa koleo, yakaisha.

Mimi nilikuwa na haraka. Ubao ulikuwa wa mvule, umetoka ubavuni mwa jahazi, na randa nilikuwa nimeinoa asubuhi hiyo hiyo, makali yananyoa malaika ya mkono. Nikasukuma mara ya kwanza, ya pili; maranda yanatoka mepesi kama ganda la kitunguu. Ya tatu nikasikia “tik”. Sauti ndogo tu, kama mtu kabofya kalamu. Kugeuza randa, makali yana pengo la punje ya ufuta. Ufuta! Lakini kuanzia hapo kila ubao niliouranda ulibaki na tuta jembamba kama uzi, mwanzo hadi mwisho. Ikawa ni sahihi ya msumari, umetia hata kwenye mbao ambazo haukuwahi kulala ndani yake. Na pengo halizibwi: inabidi usage makali yote yashuke yafikie usawa wake. Nilikaa na jiwe la kunolea mpaka adhana ya adhuhuri, nikiwa mpole kuliko nilivyowahi kuwa.

Adabu ninayo sasa. Nilitoa sumaku kwenye spika bovu nikaifunga uzi, naipitisha juu ya ubao polepole. Ikiegemea upande, nasimama. Msumeno wa kwanza kugusa mbao ni mzee mmoja wa kurithi, meno yake hayana cha kupoteza. Mbao za nyumba iliyobomolewa nazipiga brashi kwanza, maana mchanga na chokaa vinatafuna makali bila hata hiyo “tik”. Msumari uliokatika kichwa naupiga kwa upande wa ncha, kwa kipande cha nondo nyembamba, mpaka uchungulie upande wa pili. Yote haya nimefunzwa na msumari, bila karo. (Ule wa shaba sumaku haiuoni. Mwalimu mzuri hamalizi masomo yote siku moja.)

Wapo wanaoukashifu, na hoja yao ni mtepe. Chombo kile cha watu wa Lamu kilishonwa mbao kwa kamba za makumbi, hakikuhitaji chuma, kikavuka bahari. Nawaheshimu waliokishona. Ila mitepe imekwisha, na katika maisha yangu hakuna aliyeniletea ubao wake nitengenezee kitanda. Halafu hao hao hunishauri nitumie mvule mpya, kana kwamba mti haujui kuficha. Mvule huweza kuganda jiwe ndani ya shina, chokaa tupu, gumu la kung'oa meno ya msumeno, na jiwe hilo sumaku haina habari nalo. Msumari angalau una ustaarabu wa kutoa kutu.

Juzi alikuja mteja kutazama meza niliyoitengeneza kwa ubao ule wa jahazi. Akapitisha kidole juu, akafika kwenye tundu la msumari, jeusi, limezungukwa na wingu la buluu nililohangaika nalo siku mbili likakataa kutoka.

“Fundi, hili umelichora mwenyewe?”

“Hapana, bibie. Limetoka baharini.”

Akainama akalitazama tena, safari hii kwa mapenzi. Nikaongeza elfu hamsini.